Mchungaji Aliyebaki na Kundi Lake: Maisha ya William Mompesson

Wiki hii nawaletea maisha ya mtumishi mmoja wa zamani sana, William Mompesson. Huyu hakuwa Mpentekoste, manake siku zake upentekoste huu wetu haukuwa umeanza. Alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza, zaidi ya miaka 350 iliyopita. Lakini kuna swali ambalo wengi wetu tumebaki nalo tangu 2020, wakati milango ya makanisa ilifungwa hapa Kenya: je, kujikinga na ugonjwa ni kukosa imani? Kila nikiliwaza, namkumbuka Mompesson.

Alisomea Cambridge, na mwaka wa 1664 akatumwa kijiji cha milimani kinaitwa Eyam, katika jimbo la Derbyshire. Alikuwa hajafika miaka 30. Alienda na mke wake Catherine na watoto wao wawili wadogo. Washirika hawakumpokea kwa shangwe. Moyo wao ulikuwa kwa mchungaji wao wa zamani, Thomas Stanley, aliyeondolewa kwa sababu alikataa kufuata kitabu kipya cha ibada ambacho serikali iliamuru mwaka wa 1662. Stanley alikuwa mtu mzima, anajulikana, anapendwa. Huyu kijana ni nani?

Mwaka uliofuata, 1665, tauni ikaingia London. Watu walikufa kwa makumi ya maelfu. Wenye uwezo walikimbia, hata mfalme Charles wa Pili alihama mji. Eyam ilikuwa mbali na London, lakini inasimuliwa kwamba fundi wa nguo wa kijiji aliletewa furushi la vitambaa kutoka huko. Vilikuwa na unyevu, na msaidizi wake, George Viccars, akavianika karibu na moto. Ndani mlikuwa na viroboto. Tarehe 7 Septemba 1665 Viccars akazikwa. Baada yake wakafuata wa nyumba hiyo, na majirani.

Baridi ilipokuja, ugonjwa ulipungua. Lakini kufikia Juni 1666 ulirudi kwa nguvu, na watu wakaanza kufunga mizigo ili watoroke.

Hebu tuangalie Mompesson alikuwa na nini mkononi. Hospitali hakuna. Dawa hakuna. Hata daktari bora wa siku hizo hakujua tauni inaletwa na nini, kwa sababu kijidudu chake kiligunduliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka wa 1894, zaidi ya miaka 200 baadaye. Alichojua ni kimoja: mahali watu walipoenda, ugonjwa ulienda nao. Na mji wa Sheffield haukuwa mbali.

Kwa hivyo akaona dawa iliyobaki ni moja tu, kila mtu akae pale alipo. Lakini angewaambiaje watu wasiomwamini? Hapo alifanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Alimwendea Stanley. Hawakukubaliana juu ya mambo ya ibada, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kumkwepa mwenzake. Lakini wakasimama pamoja mbele ya watu, wakasema neno moja. Na watu wakakubali.

Wakapatana hivi. Hakuna anayetoka kijijini. Hakuna mazishi ya kukusanyika, kila familia inazika watu wake karibu na nyumba. Kanisa linafungwa, ibada inahamia bondeni, mahali panaitwa Cucklet Delf, na kila familia inasimama mbali na nyingine. Unaona? Ibada haikuisha. Ilibadilisha mahali tu.

Lakini watu watakula nini? Mompesson aliwaza hilo pia. Alipatana na Mkuu wa Devonshire, bwana wa jumba la Chatsworth lililo karibu, aletewe chakula na mahitaji mengine. Vitu viliachwa mpakani, wanakijiji wakavichukua wakati walioleta wameshaondoka. Jiwe moja la mpaka lilitobolewa mashimo, pesa zikawekwa humo ndani ya siki ili kuziosha. Jiwe hilo lipo hadi leo. Wapendwa, karantini bila unga ni adhabu. Waliokuwa nje walifanya sehemu yao, ndio maana waliokuwa ndani waliweza kufanya yao.

Bei yake ilikuwa kali. Mwezi wa Agosti 1666, mama mmoja, Elizabeth Hancock, alizika mume wake na watoto sita kwa siku 8, kwa mikono yake mwenyewe. Mompesson alikuwa ameshapeleka watoto wake kwa jamaa huko Yorkshire kabla kijiji hakijafungwa. Catherine alikataa kumwacha mume wake. Tarehe 25 Agosti akafa. Kasisi alimzika mke wake, halafu akarudi kwa wagonjwa waliokuwa wamebaki.

Aliyekufa mwisho alikufa tarehe 1 Novemba 1666. Kwa jumla walikufa karibu watu 260. Lakini vijiji vya jirani vilisalimika.

Usidhani alibebwa mabegani baada ya hapo. Mwaka wa 1669 alihamishiwa Eakring, na watu wa huko walimwogopa sana hata ikabidi akae kwanza katika kibanda nje ya kijiji. Kwa muda wakamchukia yule aliyewalinda wengine! Akavumilia, akawatumikia hao hao, na akafa huko mwaka wa 1709. Kule Eyam, hadi leo, kila mwaka Jumapili ya mwisho ya Agosti watu hukusanyika katika bonde lile kukumbuka.

Sasa turudi kwa swali letu. Wako wanaosema ati mtu wa imani hafungi mlango. Mimi nawauliza: Zaburi ya 91 ni nani alimtajia Yesu juu ya mnara wa hekalu, akitaka ajirushe? Soma Luka 4. Yesu alimwamini Baba kabisa, na hakuruka. Soma tena Walawi 13, uone Mungu mwenyewe akiagiza mgonjwa atengwe mpaka ijulikane kama amepona. Kujitenga kwa ajili ya jirani si woga. Mwoga ni yule wa Yohana 10, anayekimbia akiona mbwa mwitu na kuacha kondoo.

Mompesson hakuwa na dawa hata moja. Alikuwa na ukweli aliowaambia watu, ndugu aliyepatana naye, chakula kilicholetwa na majirani, na miguu iliyokataa kukimbia. Hivyo vinne hata kanisa la mabati kule kijijini linavyo. Ugonjwa mwingine utakuja siku moja, na huenda zahanati yetu itakuwa haina kitu. Kama kuna mchungaji au jirani ambaye hamsalimiani, mpigie simu wiki hii. Siku ya tauni mtahitajiana.

Na watu wa Mungu waseme, Amina.