Daudi Kabaka: Jamaa aliyewachezesha babu zako twisti

Ijumaa usiku uko zako kwenye baa moja pale Umoja au Buruburu. Nyama choma imekatwakatwa mezani, kachumbari iko tayari, na kwenye kona jamaa wa gitaa moja anapiga zilizopendwa. Ikifika zamu ya Helule Helule, watu wote wanasimama kucheza. Hata wewe uliyezaliwa baada ya 2000 unaitikia. Lakini ukiulizwa ni ngoma ya nani, unajifanya unaangalia simu.

Ni ya Daudi Kabaka. Ngoja nikupe stori yake.

Alizaliwa 1939 Kyambogo, Uganda, ingawa asili yake ni Magharibi mwa Kenya. Jina lake si la mchezo. Kule Buganda, Kabaka ni mfalme, na mwaka huohuo wa 1939 ndio Kabaka Daudi Chwa alifariki.

Miaka ya 1950 kijana huyu aliingia kwenye muziki hapa Nairobi. Kumbuka huo ni wakati wa mkoloni. Mwafrika alitengewa makazi upande wa Eastlands, kwa hivyo burudani yake pia ilikuwa hukohuko. Kumbi za Pumwani na Kaloleni zilikuwa za mikutano ya siasa, na zilikuwa za dansi pia.

Uhuru ulipofika 1963, mtindo uliotamba ulikuwa twisti. Ndiyo, ilitoka Marekani, ambako Chubby Checker aliivumisha mwaka 1960. Lakini ya Kabaka haikuwa ya kunakili. Alikuwa katika Equator Sound Band pamoja na Fadhili William, yule wa Malaika, na wapiga gitaa wawili kutoka Zambia, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Hao walikuja na ladha ya kusini mwa Afrika. Juu yake Kabaka akaweka Kiswahili cha kila siku: mapenzi, ndoa, vituko vya mtaani. Mtu aliyetoka kazini Viwandani amechoka alijiona anaimbiwa yeye. Si ajabu jamaa akaitwa mfalme wa twisti.

Helule Helule ilitoka 1966. Miaka miwili baadaye kundi la Uingereza, The Tremeloes, likairudia, na ikafika nambari 14 kwenye chati za huko. Fikiria hilo: ngoma ya Nairobi, 1968, bila intaneti.

Sasa unadhani Kabaka alitajirika? Wapi! Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliachana na Equator, na ugomvi ulikuwa juu ya mrabaha, yaani pesa anazostahili mtunzi kazi yake inapotumika. Akaendelea na African Eagles, akapiga muziki hadi uzeeni. Alifariki Novemba 2001. Fadhili William alikuwa ametangulia Februari ya mwaka huohuo. Kenya ikapoteza wawili kwa mwaka mmoja.

Mbona nakusumbua na haya? Kwa sababu sheria ya hakimiliki ya Kenya inaulinda utunzi kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Piga hesabu: nyimbo alizotunga Kabaka zina mwenyewe hadi mwisho wa 2051. Baa inayowaletea wateja muziki inatakiwa kulipia leseni, hata kama mtunzi yuko kaburini.

Na kama wewe mwenyewe unarekodi ngoma mtaani, sajili kazi yako na usome mkataba kabla ya kutia sahihi. Shangwe za ukumbini ni tamu, lakini hazilipi kodi ya nyumba.

Ijumaa hii jamaa wa gitaa akianza Helule Helule, inuka ucheze. Lakini kwanza waambie wenzako mezani ni ya nani.