Benjamin Franklin: Mvumbuzi aliyeahirisha chanjo ya mwanawe

Katika miji mingi ya Marekani kuna desturi ambayo wenyeji huifurahia sana. Siku moja au mbili kwa mwaka, wakazi hukusanyika uwanjani na baadhi yao huvaa mavazi ya kale na kuigiza watu mashuhuri wa zamani. Mwalimu wa shule anakuwa Thomas Edison na taa yake, fundi magari anakuwa mmoja wa ndugu wawili wa ukoo wa Wright walioruka kwa ndege. Watoto huwazunguka na kuwauliza maswali, nao hujibu kana kwamba wako hai hadi leo.

Kuna mmoja ambaye hakosekani: mzee mnene mwenye kipara, nywele za pembeni zimeshuka hadi mabegani, miwani puani na tiara mkononi. Huyo ni Benjamin Franklin. Watoto humwuliza kuhusu radi na umeme, naye huwasimulia jinsi alivyorusha tiara ile mwaka 1752 mvua ikitanda, na jinsi alivyobuni chuma cha kukinga nyumba dhidi ya radi.

Swali ambalo haulizwi sana ni kuhusu mtoto wake Francis. Mimi nalileta hapa kwa sababu kila wiki nakutana na mzazi aliyefanya alichofanya Franklin, na kwa sababu ile ile.

Franklin alizaliwa Boston Januari 17, 1706, mtoto wa 15 kati ya 17 wa mtengenezaji wa mishumaa na sabuni. Alisoma shule miaka miwili tu. Akiwa na umri wa miaka 12 alipelekwa kujifunza uchapaji kwa kaka yake, James.

Mwaka 1721 ndui iliingia Boston. Vijana wa leo hawaijui ndui, na ni jambo la kushukuru. Mgonjwa alipata homa kali, kisha malengelenge yenye usaha yakamjaa usoni, mikononi na mwili mzima. Aliyepona alibaki na makovu maisha yake yote, na wengine walibaki vipofu. Katika mji ule wenye watu wapatao 11,000, karibu 6,000 waliugua na 844 walikufa.

Kinga ilikuwepo, na iliyoileta Boston ilikuwa akili ya Kiafrika. Mchungaji Cotton Mather alikuwa na mtumwa aliyeitwa Onesimus, mtu aliyetolewa Afrika. Mather alipomwuliza kama aliwahi kuugua ndui, Onesimus alimweleza kwamba kwao watu huchukua usaha kidogo wa mgonjwa wa ndui na kuuingiza kwenye mkwaruzo wa ngozi ya mtu mzima wa afya. Huyo huugua kidogo, hupona, na ndui haimrudii tena. Mbinu hiyo ilikuwa ikitumika pia Uturuki na nchi za Asia. Kwetu Waswahili neno lenyewe limehifadhi habari hiyo: chanjo linatokana na kuchanja, yaani kukata ngozi.

Mather aliwaomba madaktari wa Boston waijaribu. Aliyekubali ni mmoja tu, Zabdiel Boylston, ambaye alianza na mwanawe wa kumzaa. Kati ya watu zaidi ya 240 waliochanjwa, 6 walikufa. Ukilinganisha na waliougua kwa njia ya kawaida, ambapo alikufa takriban mmoja kati ya kila saba, tofauti ilikuwa wazi. Lakini mji uliwaka hasira. Daktari pekee wa Boston aliyekuwa na shahada ya udaktari aliipinga, na mtu mmoja alirusha bomu nyumbani kwa Mather. Bahati nzuri halikulipuka.

Gazeti lililoongoza kejeli dhidi ya chanjo lilianzishwa mwaka huo huo wa mlipuko, na mmiliki wake alikuwa James Franklin. Benjamin, kijana wa miaka 15, ndiye aliyepanga herufi na kuyauza magazeti hayo mitaani. Kwa hiyo mkutano wake wa kwanza na chanjo ulikuwa upande wa wapinzani, ingawa hakuwa na sauti pale ndani.

Miaka miwili baadaye aligombana na kaka yake akatorokea Philadelphia. Huko alipanda haraka. Alipata kiwanda chake cha uchapaji, akamiliki gazeti, akaoa mke, Deborah Read. Gazeti lake halikufanana na la James katika jambo hili. Mapema miaka ya 1730 alikuwa ameshapitia hesabu za waliochanjwa na wasiochanjwa, akaamini kuwa chanjo inaokoa, na akawa anaandika hivyo.

Oktoba 1732 alizaliwa Francis, waliyemwita Franky. Tunaambiwa alikuwa mtoto mchangamfu na mwenye akili nyepesi, na baba yake hakuficha mapenzi yake kwake.

Mwaka 1736 ndui ilifika Philadelphia. Hapa ndipo msomaji atashangaa. Baba aliyeamini chanjo, mwenye gazeti, mwenye uwezo wa kumlipa daktari, hakumchanja mwanawe kwa wakati. Franky alikuwa anaharisha. Alikuwa ameharisha muda mrefu, amedhoofu, na Franklin akaona amwache apate nguvu kwanza. Novemba 21, 1736 ndui ilimchukua. Alikuwa na miaka minne na mwezi mmoja.

Haukupita muda uvumi ukasambaa mjini kwamba mtoto wa Franklin amekufa kwa chanjo. Wazazi wengine walianza kuogopa. Kabla ya mwaka kwisha, Franklin alitoa tangazo katika gazeti lake akieleza kwamba mwanawe hakuchanjwa kamwe, aliugua ndui kama watoto wengine, na kwamba alikuwa amekusudia kumchanja mara tu atakapopona kuhara. Fikiria mzazi mwenye msiba wa wiki chache akilazimika kuandika jambo kama hilo, ili watoto wa wenzake wasikose kinga kwa ajili ya uongo uliomhusu mwanawe.

Tusimhukumu kwa haraka. Chanjo ya wakati ule haikuwa ya leo. Ilikuwa ndui yenyewe, hai, imeingizwa mwilini kwa kiasi kidogo, na mtu aliyechanjwa aliweza kuiambukiza kwa jirani. Wengine walikufa kwayo. Kusubiri mtoto aliyedhoofu apate nguvu kulikuwa na mantiki.

Leo mantiki hiyo haipo tena, lakini tabia imebaki. Mama anafika kliniki mtoto akiwa na wiki 10, kadi inaonyesha chanjo za wiki 6 hazikutolewa. Ukimwuliza sababu, anasema mtoto alikuwa na mafua. Mwingine alikuwa na kikohozi, mwingine tumbo lilikuwa linaendesha kidogo. Bibi alisema asubiri. Mafua yakaisha, likaja joto la meno, kisha safari ya kijijini, na miezi ikapita.

Mafua, kikohozi cha kawaida, homa ndogo au kuhara kidogo si sababu ya kuahirisha chanjo. Utapiamlo nao si sababu, kwa kuwa mtoto dhaifu ndiye surua inayemwua kwa urahisi zaidi. Mpeleke, mweleze muuguzi hali yake, naye ataamua. Ikiwa mtoto ana ugonjwa mkali anaohitaji kulazwa, atatibiwa kwanza, kisha ataelekezwa lini apate chanjo. Mtoto aliyewahi kupata mzio mkali baada ya chanjo fulani, hilo lazima lisemwe kabla ya sindano. Na tarehe zikiwa zimeshapita, hakuna haja ya kuona aibu wala kuanza upya. Muuguzi huendelea pale kadi ilipoishia.

Turudi kwa Franklin. Mwaka 1743 alizaliwa binti yake, Sally, na safari hii hakusubiri: alichanjwa akiwa bado mdogo. Baba mwenyewe aliendelea kuwa mtu wa shughuli nyingi. Alibuni jiko la chuma la kupasha nyumba joto bila kupoteza kuni. Mwaka 1751 alishirikiana na daktari Thomas Bond kuanzisha hospitali ya Pennsylvania kwa ajili ya maskini na wagonjwa wa akili. Kwa kupata fedha alitumia ujanja ambao wafadhili wanautumia hadi leo: alilishawishi baraza la jimbo liahidi pauni 2,000 ikiwa wananchi watachanga 2,000 nyingine. Wajumbe waliodhani wananchi hawataweza walijikuta wanalipa.

Kaka yake mwingine, John, alisumbuliwa na mawe kwenye kibofu, mkojo ukamwia taabu. Mipira ya mkojo ya wakati huo ilikuwa ya chuma kigumu, na naamini wanaume wanaosoma hapa hawahitaji maelezo zaidi. Mwaka 1752 Franklin alimsimamia sonara akamtengenezea mpira wa fedha wenye vipande vinavyojipinda, akautuma Boston. Uzeeni alibuni miwani yenye lenzi mbili, juu ya kuona mbali na chini ya kusoma, kwa kuwa alichoka kubadilisha miwani mezani. Uvumbuzi wake hakuwahi kuukatia hataza. Aliona kwamba kwa kuwa sisi tunanufaika na vya wenzetu, na vyetu tuvitoe bure.

Franky hakumtoka. Mwaka 1759, akiwa London, alishirikiana na daktari William Heberden kutoa kijitabu kuhusu chanjo. Heberden aliandika maelekezo rahisi ambayo mzazi angeweza kuyafuata, akalipia uchapaji ili kigawiwe bure Marekani. Franklin aliandika utangulizi wenye takwimu za mlipuko mwingine wa Boston, wa mwanzoni mwa miaka ya 1750. Kati ya watu zaidi ya 5,500 walioipata ndui kwa njia ya kawaida, walikufa zaidi ya 500, karibu mmoja kati ya 11. Kati ya waliochanjwa zaidi ya 2,000 walikufa 30, yaani mmoja kati ya 70.

Kinachonigusa mimi katika utangulizi ule si hesabu, ni jinsi alivyowaelewa watu. Alieleza kwamba wapo wanaoikataa chanjo kwa dhamira, na pia ndoa ambazo mzazi mmoja anataka na mwingine hataki, hivyo kila mmoja anaogopa kulaumiwa. Kisha akasema jambo ambalo wengi hawalisemi: fundi maskini mwenye watoto wengi hana fedha ya kumlipa daktari, na kwa kuwa ni aibu kukiri hivyo, anajiunga na wanaosema chanjo ni dhambi. Ukiwa muuguzi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kumbuka hilo unapobisha hodi kwa mzazi aliyekataa. Huenda nauli ndiyo iliyokataa.

Mwaka 1772, miaka 36 baada ya msiba, alimwandikia dada yake Jane kwamba mjukuu amemkumbusha Franky, na kwamba hadi siku hiyo hawezi kumfikiria bila kushusha pumzi. Na alipokuwa mzee wa zaidi ya miaka 80, akiandika habari za maisha yake, alikiri kwamba alijuta sana na bado anajuta kutomchanja. Aliwaeleza wazazi wanaohofia kwamba hawatajisamehe mtoto akifa kwa chanjo kuwa mfano wake unaonyesha majuto yapo pande zote mbili, hivyo wachague upande wenye hatari ndogo.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya maumivu. Jongo lilimshika miguu, na mawe ya kibofu yalimfanya asiweze kuvumilia mtikisiko wa gari la farasi. Mwaka 1787, katika mkutano wa kutunga katiba ya Marekani, alibebwa kwenye kiti. Mwaka huo huo aliyewahi kumiliki watumwa na kuchapisha matangazo ya kuwauza alichaguliwa rais wa chama cha kupigania uhuru wao. Alichelewa huko pia. Alikufa Aprili 17, 1790 kwa maradhi ya mapafu, akiwa na miaka 84.

Miaka sita baadaye Mwingereza Edward Jenner alionyesha kuwa ndui ya ng'ombe, isiyoua, inamkinga binadamu dhidi ya ndui. Mtu wa mwisho duniani kuipata ndui katika jamii alikuwa jirani yetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, kwenye pwani ya Somalia, Oktoba 1977. Alifanya kazi hospitalini, lakini alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu yake. Alipona, na baadaye alizunguka vijijini kuwahimiza wazazi wakubali chanjo ya polio, akiwaeleza kosa lake mwenyewe. Alikufa mwaka 2013, akiugua malaria.

Franklin amezikwa Philadelphia, kwenye makaburi ya kanisa la Christ Church, ubavuni mwa mkewe. Wageni wanaopita huangusha senti juu ya jiwe lake kwa kutafuta bahati. Hapo hapo karibu kuna jiwe dogo la Franky.