Bill Finger, mwandishi aliyemzaa Batman na kunyimwa jina kwa miaka 76

Watu wengi duniani wanamjua Batman, yule mtu wa usiku mwenye kuvaa kama popo na kuwinda majambazi wa mji wa Gotham. Lakini kuanzia mwaka 1939 hadi mwaka 2015, vitabu na filamu vilitaja muumba mmoja tu: mchoraji Bob Kane. Mwenzake Bill Finger, aliyeandika hadithi zenyewe, alifichwa nyuma ya pazia na akafa bila kupata haki yake.

Finger alizaliwa tarehe 8 mwezi wa pili mwaka 1914 mjini Denver, Marekani, katika jamaa ya Wayahudi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Milton. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Jamaa ilihamia Bronx, mtaa wa New York, na huko kijana akamaliza masomo ya sekondari mwaka 1933, wakati uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka na kazi zilikuwa adimu. Akawa akiuza viatu dukani, huku akiota kuwa mwandishi.

Mwaka 1938 alikutana kwenye karamu na Bob Kane, ambaye alisoma shule moja naye. Kane alimuomba amwandikie hadithi za kuchora. Wakati huo Superman alikuwa ametoka tu na kuuzwa sana, na wachapishaji walitafuta shujaa mwingine haraka.

Kane alichora mtu mwenye nguo nyekundu, mabawa magumu na kitambaa kidogo machoni. Akamuita Finger aone. Finger akamshauri abadilishe karibu yote: kofia yenye masikio ya popo, joho refu mahali pa mabawa, glavu mikononi, rangi za giza. Ndiye pia aliyetafuta jina la Bruce Wayne, kisha jina la mji wa Gotham, na ndiye aliyeandika hadithi ya kwanza katika Detective Comics namba 27, ya mwezi wa tano mwaka 1939.

Lakini Kane alienda kwa wachapishaji peke yake. Katika mkataba aliotia sahihi, jina lake tu ndilo lingeandikwa kwenye kila hadithi ya Batman. Finger hakuwa upande wowote wa mkataba huo. Alibaki mfanyakazi wa kulipwa kwa kila hadithi, na wasomaji hawakujua kama yuko.

Hata hivyo aliendelea kuandika kwa zaidi ya miaka 20. Alishiriki kuumba Robin, Joker, Penguin, Catwoman na Riddler. Pamoja na mchoraji Martin Nodell, alimzaa pia Green Lantern mwaka 1940.

Hadithi zake zilijaa usaliti wa wahalifu kwa wahalifu. Mwaka 1942 alisimulia habari ya mwendesha mashtaka aliyemwagiwa asidi usoni na mkubwa wa genge mahakamani, naye akageuka jambazi mwenye sura mbili. Mwaka 1948, Batman anamkuta Joe Chill, muuaji wa wazazi wake, na kumuonyesha uso wake. Chill anakimbilia kwa wenzake wamlinde. Wao, waliposikia kwamba kosa lake ndilo lililomzaa adui yao, wakampiga risasi kabla hajawaambia Batman ni nani.

Mwaka 1956 Finger aliifungua siri nyingine. Wasomaji walikuwa wameamini kwamba wazazi wa Bruce waliuawa na mwizi wa barabarani. Kumbe Chill alitumwa na Lew Moxon, kiongozi wa majambazi, aliyekuwa akilipiza kisasi kwa baba ya Bruce kwa sababu ya kifungo chake. Mtoto aliachwa hai kusudi ashuhudie kwamba ulikuwa wizi tu.

Usaliti wa Finger mwenyewe ulianza kujulikana mwaka 1965, aliposema mbele ya wapenzi wa katuni mjini New York. Mwandishi Jerry Bails akaeneza habari hiyo. Kane alikasirika na kuandika barua ndefu akikana, akidai kwamba Batman ni wake. Mwaka uliofuata, jina la Finger lilionekana kwenye hadithi moja ya Batman katika televisheni, iliyoonyeshwa kwa sehemu mbili. Lilitajwa kama mwandishi tu, wala si muumba.

Hakumpeleka Kane mahakamani. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuchelewesha kazi na kukosa pesa mara nyingi. Aliaga dunia tarehe 18 mwezi wa kwanza mwaka 1974 mjini New York, akiwa na miaka 59. Mwana wake alimwaga majivu yake kwenye ufuko wa bahari huko Oregon, akiyachora kwa umbo la popo.

Kane, aliyetajirika na kupata sifa, alikubali katika kitabu chake cha mwaka 1989 kwamba Finger alistahili kutajwa. Lakini hakubadilisha mkataba hadi kifo chake mwaka 1998.

Mwandishi Marc Tyler Nobleman alichunguza habari hiyo na kumpata mjukuu wa Finger, ambaye alidai haki ya babu yake. Mwaka 2015 kampuni ya DC ilikubali jina la Finger liandikwe pamoja na la Kane. Miaka miwili baadaye, barabara moja huko Bronx ilipewa jina lake, karibu na bustani ambamo yeye na Kane walizoea kukaa wakipanga hadithi zao.