Kanoni Apolo wa Mboga, Mtu Aliyewatia Moyo Wenzake



Tarehe 30 Mei ni siku ambayo Kanisa Anglikana mahali pengi humkumbuka Kanoni Apolo Kivebulaya, Mwafrika mwenzetu, aliyepeleka Injili ng'ambo ya milima ya Ruwenzori mpaka kwenye msitu mkubwa wa Kongo. Wengi wetu tumesikia jina lake katika mafundisho ya kipaimara. Tunakumbuka kwamba alihubiri msituni, na kwamba aliteswa. Hayo ni kweli. Lakini kuna jambo jingine katika maisha yake ambalo latufaa sana sisi wa Nyasura, nalo ni jinsi alivyowatia moyo watu waliochoka. Basi na tumtazame mtumishi huyu, tuone alifanyaje.

Ujana wake

Apolo alizaliwa katika nchi ya Buganda karibu mwaka 1864. Alikuwa mmoja wa mapacha, na kwa desturi ya Waganda aliitwa Waswa. Alikua katika miaka ya taabu nyingi. Vita vya dini vilipozuka Buganda mwaka 1888, kijana huyu alipigana kwanza upande wa jeshi la Waislamu, kisha akawaacha na kujiunga na Wakristo. Alikuwa amewahi kumsikia Alexander Mackay akifundisha, yule fundi na mmisionari wa C.M.S. ambaye baadaye alifukuzwa Buganda, akaja kukaa Usambiro, kusini mwa ziwa hili letu, akafariki huko mwaka 1890. Mackay hakuishi kuona matunda ya maneno yale. Mbegu ilikaa moyoni mwa kijana kwa miaka mingi kabla ya kuota.

Mwaka 1895 alibatizwa, akachagua jina la Apolo. Tukumbuke Apolo wa kwanza alikuwa nani. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, twasoma habari za mtu wa Iskanderia, msemaji hodari, ambaye hakuijua njia ya Bwana kwa ukamilifu. Akila na mkewe Prisila hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza taratibu. Tena alipotaka kuvuka kwenda Akaya, ndugu walimtia moyo na kumwandikia barua ili apokewe vizuri. Kwa hiyo jina hili la Apolo ni jina la mtu aliyesaidiwa na wenzake mpaka naye akawa msaada kwa wengine. Mganda huyu alilichukua jina hilo, na maisha yake yakafuata mfano huo.

Jina la Kivebulaya alipewa na watu. Maana yake katika Kiganda ni kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu alipenda kuvaa koti jekundu la askari juu ya kanzu yake.

Kwenda Mboga

Mwaka huo huo wa 1895 Apolo alitumwa kuwa mwalimu katika nchi ya Toro, magharibi ya Uganda. Huko Toro walikuja kusikia habari za Mboga. Mboga ni nchi iliyo ng'ambo ya mto Semliki, juu ya ukingo wa bonde, na nyuma yake msitu mkubwa waanza. Siku hizi imo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mtawala wake aliitwa Tabaro. Walimu wawili Waganda walikuwa wamekwenda kufundisha huko, lakini mafundisho yao hayakumpendeza mtawala, akawakataza watu wasiwape chakula wala kuwauzia. Njaa ikawashinda walimu wale, wakarudi.

Ndugu, tusiwacheke. Mtu asiye na chakula, asiye na jamaa, katika nchi ya watu wasiomtaka, hawezi kukaa muda mrefu. Swali lilikuwa hili: je, kazi iliyoanzwa pale iachwe ife? Apolo alijitoa kwenda. Mwaka 1896 akavuka milima na mto, akafika Mboga.

Mambo yalikuwa yale yale. Alinyimwa chakula kama wale wa kwanza. Apolo akashika jembe, akalima, akafanya kazi kwa mikono yake apate kula. Watu wachache wakaanza kuja kusoma. Akaanza kujenga nyumba ya sala ya matete. Wanafunzi wake walimwona akichoka kama wao, akila kidogo kama wao, nao wakapata nguvu ya kuendelea.

Mateso na ndoto

Kisha ikatokea ajali mbaya. Dada yake Tabaro alikuwa akichukua matete, akajikwaa, akaangukia mkuki uliokuwa umeachwa majanini, akafa. Tabaro akamshitaki Apolo kwamba amemwua. Akafungwa minyororo, akapelekwa Toro kwa wakubwa wa serikali, akatiwa gerezani. Wale wachache waliokuwa wameanza kuamini wakabaki Mboga bila mwalimu.

Katika siku hizo za mateso Apolo alipata mashaka makubwa, kama vile mtu yeyote angepata. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba usiku mmoja alimwona Bwana Yesu katika ndoto, akiwaka kama jua, akamtia moyo asiogope, kwa kuwa alikuwa pamoja naye. Tangu siku hiyo hakufikiri tena kukimbia. Twaona hapa jambo la maana. Mtu huyu aliyewatia wengine moyo maisha yake yote hakuzaliwa na moyo wa chuma. Alivunjika, akainuliwa. Alichowapa wengine ndicho alichokuwa amepewa yeye katika giza lake.

Alipofunguliwa alirudi Mboga. Alirudi kwa watu wale wale na kwa Tabaro yule yule aliyempeleka gerezani, wala hakuja na neno la kulipiza kisasi. Polepole moyo wa mtawala ukalainika, na mwisho Tabaro mwenyewe akabatizwa, akaitwa Paulo.

Mapadre wachache, kazi nyingi

Mwaka 1900 Apolo aliwekwa kuwa shemasi, na mwaka 1903 akawekwa kuwa kasisi, mikononi mwa Askofu Alfred Tucker. Kwa miaka mingi alitumika Toro, akizungukia makanisa madogo, akiwafundisha walimu na kuwatazama Wakristo wapya. Wakati huo wakubwa wa Ulaya walipanga mipaka, na Mboga ikawa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Kanisa la Mboga likabaki ng'ambo ya mpaka, mbali na kasisi wake, na moto ulioanza kuwaka ukapungua. Watu walikuwa wamebatizwa, lakini hapakuwa na wa kuwakumbusha, wala wa kuwafariji katika msiba, wala wa kuwaonya kwa upole walipoteleza.

Apolo alikuwa sasa mtu wa makamo mwenye heshima katika Toro. Angeweza kukaa huko. Lakini mnamo mwaka 1915 au 1916 alirudi Mboga, akafanya hapo kuwa kwake mpaka kufa. Mwaka 1922 alipewa cheo cha Kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe. Cheo hicho hakikumhamisha. Kanoni wa Namirembe aliendelea kukaa kijijini, mwisho wa njia, pamoja na watu wake.

Msituni

Tangu mwaka 1921 alianza kuingia katika msitu wa Ituri, kwa watu wa makabila mengine na kwa Wambuti, ambao wengi huwaita Mbilikimo. Wambuti walidharauliwa sana na jirani zao. Apolo aliwaendea kama mtu aendaye kwa ndugu zake. Alikaa nao, akajifunza maneno yao, akawafundisha. Tena hakufanya kazi hiyo peke yake. Aliwaweka walimu katika vijiji vya msituni, vijana aliowafundisha mwenyewe, kisha akawatembelea. Safari hizo zilikuwa ndefu, kwa miguu, penye mvua, matope na mito. Mwalimu kijana akiwa peke yake msituni alijua kwamba siku moja mzee atatokea njiani, atakula naye, atasali naye, atasikiliza shida zake, na kabla ya kuondoka atapanga naye kazi.

Katika utumishi wake Apolo aliishi bila mke, lakini nyumba yake haikuwa na upweke. Aliwachukua vijana na watoto wasio na walezi, akawalea, wakajifunza kusoma na kulima. Watu walimkumbuka kuwa mtu wa furaha. Hili nalo ni sehemu ya utumishi. Mtu mwenye uso wa furaha kweli, aliyepita katika njaa na gereza, hutia moyo hata kabla hajafungua kinywa.

Mwisho wa safari

Mwaka 1933 Apolo alikuwa mzee na mgonjwa. Alipoona nguvu zinamwisha aliomba kurudi Mboga, afie kwa watu wake. Akafariki huko tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameagiza kwamba akizikwa, kichwa chake kielekee magharibi, upande wa msitu ambako Injili ilikuwa bado haijafika, badala ya mashariki kama ilivyo desturi. Hata kaburi lake likawa neno la kuwatia moyo waliobaki: kazi bado, endeleeni.

Nao waliendelea. Kanisa lile dogo la matete lilikua. Wakristo wa Mboga waliohamia mahali pengine pa Kongo walibeba imani yao. Mwaka 1972 ikaanzishwa Dayosisi ya Boga, na mwaka 1992 Kanisa Anglikana la nchi hiyo likawa Jimbo kamili lenye Askofu Mkuu wake.

Haya yatuhusu nini?

Huenda mtu akasema: Mimi si Kanoni, wala sina msitu wa kuuendea. Lakini tutazame kwa makini. Walimu wa kwanza wa Mboga hawakushindwa kwa kukosa imani. Walishindwa kwa kukosa chakula na mwenzi. Hapa kwetu pia mwinjilisti wa kanisa dogo la mbali anaweza kuvunjika kwa sababu hizo hizo. Anahubiri kila Jumapili, lakini ni nani aliyeuliza kama watoto wake wamekula? Mwaka ambao mvua imekataa na mihogo imeharibika, ni nani aliyepita kwake na debe la mtama? Tukimsifu kanisani na kumwacha na njaa nyumbani, hatujamtia moyo. Tumefanya kama Tabaro wa kwanza, ingawa hatukutangaza amri.

Tena yuko ndugu ambaye hatumwoni siku hizi katika ibada. Pengine alianguka, akaona haya. Pengine alifiwa, na baada ya matanga kila mtu akaenda zake. Ni rahisi kumsema. Apolo angemwendea. Wala asingemwendea mara moja tu, kwa maana aliyechoka huhitaji kuona kwamba utarudi tena.

Tatu, yuko aliyetukosea. Apolo alirudi kwa mtu aliyemfunga minyororo, na mtu huyo akawa Paulo. Kama angerudi na uchungu, nani ajuaye Kanisa la Mboga lingekuwaje?

Basi wazee wa kanisa, akina mama wa Umoja, vijana wa kwaya, na kila mmoja wetu: tuchague wiki hii mtu mmoja. Asiwe rafiki tunayeonana naye kila siku, bali yule aliyeko pembeni. Tumwendee kwake, tukae, tusikilize, tusali naye, na kama tunacho cha kumpa tumpe kimya kimya. Na wiki inayofuata turudi.

Tuombe: Ee Bwana, uliyemtokea mtumishi wako Apolo katika mashaka yake na kumwinua, utuinue sisi tulio wanyonge, utupe miguu ya kuwaendea waliochoka na moyo wa kukaa nao, ili pasiwe na mtu katika kanisa lako aliyeachwa peke yake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.