Mendelssohn, Dada Yake na Muziki wa Harusi

Bwana na bibi harusi wakishabarikiwa na kuanza kutoka kanisani, mpiga kinanda wetu mara nyingi hupiga muziki uleule, na akina mama huufunika kwa vigelegele kabla haujafika mbali. Katika kijitabu hiki cha jubilii tumeona vema kumweleza aliyeutunga.

Felix Mendelssohn alizaliwa Hamburg, Ujerumani, tarehe 3 Februari 1809, katika familia ya Kiyahudi, akabatizwa mwaka wa 1816. Dada yake mkubwa, Fanny, alifundishwa muziki pamoja naye, wala hakuwa nyuma yake. Lakini baba yao aliamua kwamba kwa Felix muziki ungekuwa kazi, na kwa Fanny pambo tu. Mwezi wa Machi 1829, akiwa na miaka 20, Felix aliongoza mjini Berlin Mateso ya Kristo kwa Mathayo, kazi kubwa ya Bach ambayo watu walikuwa karibu kuisahau.

Mwaka huohuo Fanny alichumbiwa na mchoraji Wilhelm Hensel. Felix, aliyekuwa Uingereza, aliahidi kumtungia muziki wa harusi. Septemba gari la farasi likapinduka naye London, akaumia goti, akalala kitandani kwa wiki nyingi. Harusi ilikuwa tarehe 3 Oktoba, na muziki haukufika. Usiku wa kuamkia siku hiyo Fanny aliketi akatunga mwenyewe muziki wa kutokea kanisani, akamaliza usiku wa manane, na kesho yake ukapigwa. (Maharusi wetu, tafadhali leteni nyimbo zenu mapema. Si kila bibi harusi ni Fanny, na kwaya nayo hulala.)

Ule tunaoupiga sisi Felix aliutunga baadaye, kwa ajili ya mchezo wa Shakespeare ulioonyeshwa Potsdam mwaka wa 1843. Wako wanaouliza kama muziki wa jukwaani unafaa kanisani. Sisi hatuoni ubaya, mradi ibada imekwisha na watu wanatoka. Tena mtu huyohuyo ndiye aliyetunga Elia, iliyoimbwa mara ya kwanza Birmingham mwaka wa 1846.

Ni mwaka huo wa 1846 ndipo Fanny alipoanza kuchapisha mikusanyo ya tungo zake kwa jina lake. Hakuzifurahia kwa muda mrefu. Tarehe 14 Mei 1847 alikuwa nyumbani kwake Berlin akifanyisha kwaya mazoezi ya utungo wa Felix, akapatwa na kiharusi, akafa siku hiyohiyo. Felix alimfuata tarehe 4 Novemba, akiwa na miaka 38.

Kwa hiyo hakuwapo mwaka wa 1858, binti wa Malkia Victoria alipoolewa London na kutoka kwa muziki ule. Maharusi wengine wakaiga, mpaka ukatufikia.

Muziki wa Fanny nao ungalipo, ingawa haupigwi sana. Bibi harusi atakayeutaka atuambie.