Mholanzi Aliyeigawa Nuru kwa Sumaku

Tukitaja sumaku, wengi wetu huwaza dira ya nahodha. Pieter Zeeman aliitumia kuigawa nuru, nami naona jina lake halitajwi inavyostahili.

Alizaliwa tarehe 25 Mei 1865 katika kijiji cha Zonnemaire, Uholanzi, mtoto wa mchungaji wa kanisa. Angali mwanafunzi wa shule, alichora na kueleza miali ya ajabu iliyoonekana angani usiku, na jarida la Nature la Uingereza likayachapisha maelezo yake mwaka 1883.

Alisomea Leiden, chini ya Profesa Lorentz na Profesa Kamerlingh Onnes. Huko, mwaka 1896, alishika jambo lililokuwa limemshinda Michael Faraday mwaka 1862: je, sumaku yaweza kuibadili nuru itokayo motoni? Kijana mwingine angesema, ikiwa bingwa yule alishindwa, mimi ni nani? Lakini Zeeman alikuwa na vyombo bora zaidi. Aliweka moto wa gesi katikati ya ncha mbili za sumaku ya umeme, akautia chumvi, chumvi hii hii ya jikoni, nao ukatoa nuru ya manjano. Alipofungulia umeme, mistari miwili ya nuru ile ikatanuka. Alipoukata, ikarudi nyembamba.

Lorentz akapiga hesabu: ndani ya atomu mna chembe ya umeme inayotetemeka, na sumaku huibadilisha mwendo. Vipimo vilionyesha kuwa chembe hiyo ni nyepesi mno kuliko atomu yenyewe. Ndiyo elektroni tuijuayo leo. Wote wawili wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya 1902.

Hata hivyo Zeeman alikuwa amehamia Amsterdam mwaka 1897, ambako mitikisiko ilimharibia picha zake. Thomas Preston wa Dublin akamtangulia kuonyesha kwamba mistari mingine hugawanyika kinyume cha hesabu ya Lorentz. Nadhani hilo lilimuuma. Mwaka 1923 ndipo alipopata maabara yenye bonge la zege la kilo 250,000, lililosimama bila kugusa sakafu. Alifariki tarehe 9 Oktoba 1943, nchi yake ikiwa mikononi mwa Wajerumani.

Leza ya kwanza ya gesi, ya heli na neoni, ilitengenezwa Marekani mwaka 1960. Nuru nyekundu ya leza za aina hiyo hutetemeka mara trilioni 474 hivi kwa sekunde. Mrija wake ukiwekwa ndani ya sumaku, nuru hugawanyika mara mbili, zikipishana kwa mitetemo kama milioni 2 tu. Sumaku ikiongezwa nguvu, tofauti hiyo nayo huongezeka. Kwa tofauti hiyo ndogo, mafundi hupima mwendo wa mashine za viwandani ulio mfupi kuliko unene wa unywele.