Mwenda wa Bayeke na Kiswahili Chetu

Nimekulia Kalemie, kando ya ziwa. Shuleni nilizoea kuambiwa kwamba Kiswahili chetu kimeharibika: tunasema batoto na bitabu, na upatanisho wa ngeli unatushinda. Nilikaribia kuamini. Kilichonigeuza ni maisha ya mtu aliyefariki kabla sijazaliwa.

Jean Bosco Mwenda, aliyejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke, alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, katika ukoo wa mfalme Msiri. Msiri mwenyewe asili yake ilikuwa Usumbwa, ng'ambo ya ziwa letu, na alifika Katanga kwa njia za biashara. Mwenda alipata elimu, akafanya kazi ya ukarani Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Huko ndiko Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta na gitaa lake mwaka 1952. Wimbo wake Masanga ulienea haraka. Alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, lakini anayesikiliza hudhani magitaa ni mawili.

Katika miaka kumi iliyofuata alirekodi nyimbo zaidi ya 100, nyingi kwa Kiswahili cha Katanga. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Nairobi, akaimba matangazo ya dawa ya Aspro, na vijana wa Kenya wakaiga upigaji wake. Hawakungoja kwanza arekebishe ngeli. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la Newport, Marekani. Alifariki Septemba 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.

Sisemi tuitupe sarufi sanifu. Hata makala hii nimeiandika kwa sanifu. Ila sisi wa isimu tukienda sokoni kurekodi mazungumzo ya mama zetu, tusirudi na orodha ya makosa. Usemi wao una kanuni zake, na kazi yetu ni kuzitafuta. Santuri za Mwenda zimetuhifadhia namna watu wa Katanga walivyosema tangu 1952, wakati ambapo wachache waliona inafaa kuandikwa. Mwaka huu nimeanza kuziandika neno kwa neno, kwa ajili ya kazi yangu ya kumaliza masomo. Ninaposikia kile nilichokuwa nikikiita kosa, sasa nasimamisha wimbo, narudia, naandika kama alivyoimba.